Nzi Chini ya Kitanda cha Mama

Mwezi uliopita tulikuwa Kisauni, arusini kwa mjukuu wa wifi yangu Kadzo, na baada ya pilau zikaletwa sinia za maembe yaliyokatwa. Wifi na mimi ni vikongwe na magoti hayakunjiki tena, kwa hiyo tulikuwa tumewekewa viti pembeni ya mkeka, na sinia yetu peke yetu. Nikachukua kipande. Nikakitazama kwanza, kama ninavyotazama kila embe tangu ujana wangu, jambo ambalo watoto wangu hunichekea. Ndani mlikuwa na funza, mweupe, anashughulika na mambo yake. Nikamwonyesha Kadzo. Akakisogeza karibu na miwani, akakichunguza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ulisema mashallah, wifi?" Basi! Tulicheka hata buibui likanianguka mabegani. Kadzo alishika mbavu. Wasichana waliokuwa wakigawa maji wakasimama, mmoja akamwambia mwenziwe, "Hawa nyanya wana nini leo?" Mamake bwana arusi akaja mbio, akaomba radhi, akaamuru embe hilo litupwe na lingine likatwe. Likatupwa. Hakuna aliyeuliza nani alilitazama, wala mti ni wa nani, wala ni mke gani mgeni aliyepita chini yake. Watu wakarudi kwenye ngoma yao. Mimi nilikaa pale nafuta machozi, nikausikia moyoni ule wepesi nilioujua mara moja zamani, mwaka ambao funza kama huyo nusura amrudishe Kadzo kwao na furushi lake la nguo, hata rangi ya hina ya arusi haijasahaulika.

Ulikuwa mwaka wa karibu na uhuru, wakati barazani kwetu Likoni hapakuzungumzwa ila Mwambao. Wanaume walikuja baada ya alasiri, wakaketi kwenye baraza mbele ya nyumba, na kuanza: pwani ibaki na Sultani, la, iungane na bara, la, isimame peke yake. Nani mwenyeji, nani mgeni, nani alifika lini na alifika na nini. Sisi wanawake tulikuwa ndani ukumbini, dirisha wazi, tunayasikia yote, na mamangu alikuwa akiwajibu mmoja mmoja huku anapepeta mchele, ingawa wao hawakumsikia. "Mgeni ni wewe," atasema, "babako alikuja na kikapu kitupu," kisha anapuliza makapi. Upande wetu ule wa Bofu ulikuwa mashamba siku hizo, nyumba moja hapa, nyingine kule, katikati minazi. Nyumba yetu ilikuwa ya makuti, na nyuma yake ua, na ndani ya ua mwembe wa ngowe ambao mamangu aliujali kuliko alivyotujali sisi. Msikuze maneno yangu mkadhani nalalamika; ni kweli tu. Maembe yake yalivuka kivuko kila msimu mpaka sokoni Mombasa, na wachuuzi waliyaita maembe ya Bi Mwanaesha, kwa jina lake, na jina hilo alilipenda. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nangoja kuposwa, na katika kungoja nilishona kofia, kazi ambayo mamangu alinifundisha na ambayo yeye alikuwa bingwa wake. Mtu akipita njiani, mamangu angeitazama kofia yake kupitia dirishani na kukwambia imeshonwa na nani.

Kadzo aliingia nyumba hiyo mwembe ukiwa na maua. Kakangu Athumani alifanya kazi ya reli Changamwe, akilala hukohuko na kurudi nyumbani Ijumaa kwa Ijumaa. Alimwona Kadzo kwao, huko ndani Ziwa la Ng'ombe, binti wa Wagiriama wakulima, akamtaka. Msichana akasilimu, wakaoana, na mamangu akaridhia kwa mdomo. Jina lake la ndoa lilikuwa Khadija, la nyumbani Kadzo. Mamangu hakulitumia hili wala lile; alimwita "yule". "Mwambie yule alete maji." Na yule yuko papo hapo mbele yake, ukinyoosha mkono unamgusa. Alikuja na nguo zake, na mbegu za maboga alizozifunga kwenye pindo la leso, na wiki ileile, bila kumuuliza mtu, akazipanda uani hatua chache kutoka kwenye mwembe. Alisema ardhi iliyokaa bure inamuumiza macho. Mimi nilimpenda tangu saa hiyo. Sikuwa nimewahi kumwona mtu aliyeingia nyumba ya mamangu akafanya jambo lolote bila kuuliza.

Kosa lake lilikuwa dogo, na kwetu hata mtoto anayejifunza kusema halikosei. Maembe yalipoanza kuvimba alisimama chini ya mti, akashika kiuno, akainua uso na kusema kwa furaha, "Mama! Mwaka huu matawi haya yatavunjika kwa uzito!" Akanyamaza hapo. Hakusema mashallah. Kwetu ukisifu mtoto, ukisifu nywele za mtu, ukisifu hata chungu cha wali, unatanguliza mashallah. Usipoitanguliza umekirushia jicho, hata kama moyo wako ni safi. Mamangu alikuwa mlangoni na ufagio. Niliuona uso ukimbadilika. "Sema mashallah," akamwambia. "Mashallah," Kadzo akasema mara moja, huku anacheka, kwa kuwa alidhani anafundishwa tu. Lakini lilikuwa limechelewa, na kile kicheko hakikumsaidia.

Haukupita muda maembe yakaanza kuanguka kabla ya wakati wake. Kwa nje unaliona embe zima, lina alama ndogo ya tundu la sindano. Ukilipasua, ndani ni uji, na funza wanarukaruka. Yalianguka tukifagia, yalianguka tukila. Ungeyasikia kwenye majani makavu, pu, na mamangu angesimamisha tonge mkononi. Wachuuzi wakarudisha vikapu. Yale yaliyoanguka mamangu aliyaokota mwenyewe, akayapanga kwenye shina la mwembe na kuyafunika majani, kwa sababu neema ya Mungu haitupwi jaani ikachanganyika na uchafu, wala haiachwi njiani ikakanyagwa. Ndivyo alivyofanya mamake, naye ndivyo alivyofanya. Alikuwa mtu ambaye punje ya wali ikianguka mkekani anaiokota na kuibusu. Chungu ile ya maembe pale shinani ikakua mpaka ikafika magotini, na kila alipoinama kuongeza embe alikuwa akisema, si kwa sauti kubwa, ila ya kumfikia anayetakiwa asikie, kwamba ana jicho la husuda: "Ana mato huyu. Wallahi ana mato."

Ijumaa moja baada ya chakula nilikuwa chumbani kwangu na kofia yangu, na ukuta wa udongo uliotenga chumba changu na cha mamangu ulikuwa na ufa ambao nilijua thamani yake. "Athumani, mimi sina ugomvi na mkeo," mamangu alikuwa akisema. "Sikiza. Siku embe la mwisho litakapoanguka, yule na aende kwao. Mpe talaka yake kwa wema, mtafutie nauli, aende." Kakangu akasema, "Mama, kwa embe tu?" Mamangu akamjibu, "Leo ni embe. Kesho ni wewe. Kesho kutwa ni mtoto tumboni." Nikangoja kakangu aseme neno, hata moja, sindano imesimama mkononi. Mwishowe akasema, "Nipe basi mpaka maembe yaishe, mama, nifikirie." Nikajua amekwisha kubali, kwa sababu kakangu alikuwa mtu mwema sana ambaye alifikiri kile alichoambiwa. Nilitoka uani nikiwa nimekasirika. Kadzo alikuwa akiosha sahani kando ya kisima. Sijui alisikia kiasi gani. Hakuinua uso. Aliniuliza tu, "Wifi, mtini yamebaki mengi?"

Juma lililofuata akaja bwana shamba na baiskeli yake, kijana wa Kitaita aliyeitwa Mwadime, kaptura yake imepigwa pasi ikanyooka. Malalamiko ya sokoni yalikuwa yamefika ofisini kwao, naye alikuwa akizunguka Likoni kutazama miembe. Alibisha hodi kwa adabu, akampa mamangu shikamoo iliyokamilika, na kwa ajili ya shikamoo hiyo akaruhusiwa kupita mpaka uani. Akapasua embe kwa kisu, akatuonyesha. "Mama, hiyo ni nzi," akasema. "Huyo," mamangu akamsahihisha kutoka nyuma ya pazia. "Huyo ni nzi," bwana shamba akakubali bila kuona vibaya. "Nzi jike anatoboa embe likiwa bado mtini, anataga mayai ndani, mayai yanakuwa funza. Hakuna jicho la mtu hapa." Nilitaka kumkumbatia, astaghafirullahi, mwanamume wa watu. Kadzo alikuwa ameegemea nguzo ya jiko. Alifumba macho, akapumua.

Lakini mamangu hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alitoka nyuma ya pazia amejitanda leso, akasema, "Na nzi huyo ametoka wapi? Mti huu niliukuta wazaa, na mamangu aliukuta wazaa. Mbona aje mwaka huu?" Akaenda moja kwa moja kwenye maboga ya Kadzo, akachuma boga changa lililokwisha kugeuka manjano upande mmoja, akalivunja juu ya jiwe. Ndani walikuwamo funza, weupe, wanarukaruka vilevile. "Ndoo uone, bwana shamba," akamwita, na sasa sauti yake ilikuwa tulivu. "Hawa hapa. Amekuja nao katika mbegu zake." Jicho likafutika, na badala yake Kadzo akawa ndiye aliyeleta nzi Likoni. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Jicho mtu hubishana nalo, wengine hucheka, wengine husema Mungu ndiye ajuaye. Lakini nzi ni neno la serikali, na mamangu alikuwa amelikamata kwa mikono miwili.

Namshukuru bwana shamba yule mpaka leo kwa kuwa hakukubali wala hakukataa. Aliwaweka funza wa embe kwenye kiganja kimoja na wa boga kwenye kingine, akawatazama kwa kioo chake cha kukuzia, akatikisa kichwa. "Mama, kwa funza siwezi kukuambia kitu. Funza wote sura yao moja. Lazima tuwalee mpaka wawe nzi, ndipo tutajua kama ni wamoja ama ni wawili. Wakiwa wamoja, basi umesema kweli, wametoka kwa maboga. Wakiwa wawili, kila nzi na tunda lake: yule wa boga hagusi embe, hata njaa imuue." "Nilee funza, mimi?" mamangu akasema. "Ndiyo, mama." Akatueleza: chupa mbili pana, mchanga mkavu uliochekechwa, embe bovu katika moja na boga bovu katika nyingine, na mdomo ufungwe kwa kitambaa cha melimeli ili wapate hewa wasitoroke. Kadzo akaruka kwenda kutafuta chupa. "Simama hapo," mamangu akamwambia, si kupitia kwangu, yeye mwenyewe. "Hutatia mkono. Hazitakaa jikoni wala uani. Ukitia kitu humo mimi nitajuaje? Zitakaa chini ya kitanda changu." Akachukua chupa zake mwenyewe za achari, akazisuuza, akazijaza, akafunga melimeli kwa uzi, fundo juu ya fundo, huku midomo yake ikisoma kisomo. Bwana shamba aliniachia mimi kile kioo cha kukuzia, kwa kuwa nilimwambia nina macho ya kushona.

Chini ya kitanda cha mamangu palikuwa mahali pa heshima. Kilikuwa kitanda cha mvule cha miguu mirefu, na ukiinua shuka iliyoning'inia ulikuta sahani za arusi yake, chetezo cha ubani, achari ya msimu uliopita, na ndani ya mkoba wa ukili sanda yake, iliyokunjwa na kunyunyizwa marashi, aliyojiwekea tayari. Sasa kando ya sanda wakakaa funza. Alisema hana shughuli nao. Lakini kila siku alikuwa anatafuta ubani, au anatafuta kijiko, au ameangusha pete, na kila kitu kilikuwa kimeangukia chini ya kitanda. Siku moja nilimkuta amelala kifudifudi sakafuni, mtu mzima, shavu kwenye simenti, anatazama ndani ya chupa. "Wamejizika mchangani," akaniambia bila kugeuka. "Wamekuwa punje, kama mtama." Kisha akakumbuka kwamba hana shughuli nao, akainuka akilalamikia kiuno.

Siku hizo za kungoja ndizo ninazozikumbuka zaidi kwa chakula. Tulikula wali na mchuzi wa papa, tulikula mbaazi za nazi na mahamri, na kati ya tonge na tonge tulisikiliza mti. Pu. Ijumaa moja Kadzo alipata boga moja zima, halina alama, akalipika kwa nazi na iliki, likatoka la kupendeza, harufu yake ilifika mpaka barazani na mmoja wa wale wazee wa Mwambao akauliza kwa sauti nyumba hii wanakula nini. Akaliweka mbele ya mamangu. Mamangu akaisukuma sahani kwa vidole viwili. "Mimi sili kilicholeta balaa," akasema. Kakangu akaona mamake hakula, naye hakula. Alijishughulisha na mwiba wa samaki ambao sidhani ulikuwapo. Kadzo hakulia. Alikuwa amekaa tu, ameushika upawa mkononi, anangoja kumpakulia mtu. Basi nikaivuta sahani mimi, nikalila boga lote peke yangu, kijiko kwa kijiko, hasira tupu, na usiku kucha tumbo likaniuma.

Kisha asubuhi moja nikasikia, "Zuhura!" Nikaitika, "Abee, mama!" Akasema, "Ndoo uone! Wametoka!" Nilikimbia hata nikajigonga kwenye mlango. Alikuwa amezitoa chupa na kuziweka dirishani. Nzi walikuwamo, katika hii na katika ile, wanatambaa kwenye kioo, nami nikatazama moja, nikatazama nyingine, na moyo ukanishuka. Walikuwa weupeweupe wote, laini, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa. Hata kwa kioo cha bwana shamba sikuona tofauti ya maana. "Haya," mamangu akasema. "Wamoja." Kusema haki hakufurahi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Kadzo alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama chupa, akatutazama sisi, akasema, "Ndiyo, mama," akaenda chumbani kwake. Nilipomfuata nilimkuta anakunja nguo, vizuri, bila haraka, leso juu ya leso. Nikamwambia aache. Akaniambia, "Wifi, juu kabisa yamebaki machache. Nimeyatazama. Afadhali nikunje sasa mikono ikiwa haijaanza kutetemeka."

Nilijitupia buibui nikatoka. Nilimwona bwana shamba njia ya Mtongwe, ameinama chini ya mwembe wa watu, nikamwita toka mbali bila haya yoyote. Nilimweleza kwa pumzi moja. Akaniuliza, "Wametoka lini?" Nikamwambia leo. Akacheka, jamani, akacheka, nami nusura nimpige. "Dada, mtoto aliyezaliwa leo, unajua amefanana na nani? Nzi akitoka ni vivyo hivyo, hana rangi, hana bawa. Mpeni maji ya sukari juu ya kile kitambaa, mwacheni akauke, akomae. Ijumaa nitapita." Nilirudi nyumbani nusu natembea nusu nakimbia. Nilitaka kuwapa sukari mimi, mamangu akaninyang'anya bakuli. "Utawamwagia, wafe, iwe maneno," akasema. Akawa yeye ndiye anayechovya pamba na kuwadondoshea, asubuhi na jioni, akiwaambia, "Haya, kunyweni, kila mmoja aseme ni mwana wa nani." Nguo za Kadzo zilibaki zimekunjwa nyuma ya mlango.

Ijumaa kakangu alirudi kutoka msikitini, akaketi ukumbini, kofia ingali kichwani, na kwa jinsi alivyoketi nilijua amekuja na jibu na kwamba jibu lenyewe si zuri. Mwadime alikuwa hajafika. Mamangu alikuwa chumbani, mlango wazi, amekaa kitandani na chupa zake mapajani, jua la dirisha likimwangukia mikononi. "Zuhura, niletee kile kioo." Nikampelekea. Akafumba jicho moja. Akatazama chupa ya embe, akatazama chupa ya boga, akarudi kwenye ya embe. Kadzo alikuwa kizingitini na sinia ya chakula mikononi, hasogei mbele wala nyuma. "Yaa Latifu," mamangu akasema polepole. "Huyu amevaa nini huyu?" Nikainama. Nzi wa embe alikuwa mdogo, rangi ya asali, mgongoni ana vidoadoa vyeusi, na mabawa yake yalikuwa yamejaa michirizi ya manjano, mmoja unapita hapa, mwingine unakatiza pale. Nzi wa boga alikuwa mkubwa kuliko yeye, mwekundumwekundu, kiuno chembamba kama cha nyigu, na bawa lake lilikuwa wazi kabisa ila ukanda wa kahawia ukingoni. "Huyu ana kofia ya vito, imejaa kazi," mamangu akasema. "Na huyu ana pindo tu." Akazibadilisha chupa mkono huu na mkono huu, kama mtu anayeogopa kudanganywa, akayapapasa mafundo ya uzi, na mafundo yalikuwa yake. Akaweka kioo chini. "Si wamoja hawa," akasema. "Wallahi si wamoja."

Kisha akaita, "Athumani!" Kakangu akaitika, "Labeka, mama." Mamangu akasema, "Yale niliyokwambia siku ile, hukuyasikia." Kakangu, maskini, akauliza, "Yapi, mama?" Mamangu akasema, "Hayo hayo ambayo hukuyasikia." Mpaka leo nikikumbuka uso wa kakangu nacheka: ulifunguka kama dirisha lililokuwa limekwama, na nadhani alikuwa mtu aliyefarijika kuliko sote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya kuona alichokuwa amekuja nacho. Tukaketi kula. Mamangu hakuomba radhi, hiyo haikuwa desturi yake. Lakini boga lilikuwapo siku hiyo pia, dogo, na aliivuta sahani mbele yake, akaonja, akasema, "Chumvi imezidi," akalila lote. Kisha, huku anajifuta vidole, akasema, "Kadzo, maji." Kadzo alisimama kwa haraka hata akapindua bakuli la mchuzi. Mimi nilikimbilia jikoni nikalia, kilio kizuri, cha kupumua, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuisikia ile pu ya mti, ingawa bila shaka yalianguka.

Ningekuwa mtunga hadithi ningemalizia hapo. Lakini Mwadime alipokuja jioni ile, mamangu alikuwa ameitwa msibani. Aliwatazama nzi, akafurahi, akasema nzi wa embe yule ni wa pwani tangu zamani, hakuletwa na mtu, na kwamba miaka mingine anakuwa mchache na miaka mingine anazidi. Kisha akauliza maembe yaliyoanguka tunayatupa wapi. Tukamwonyesha ile chungu shinani. Akaondoa majani, akachimba kidogo kwa kijiti, akatuonyesha udongo wa chini: umejaa zile punje za kahawia, hazihesabiki. "Hapa ndipo wanapozaliwa," akasema. "Wanalelewa hapa, wanaruka juu mtini. Nani anayarundika haya?" Nilimtazama Kadzo. Nakiri kwamba nilitaka aseme. Miezi mizima aliitwa mwenye mato, mleta nzi, na sasa jawabu lilikuwa pale chini ya miguu yetu, limepangwa vizuri na kufunikwa kwa mkono wa mamangu. Kadzo aliitazama ile chungu. Kisha akaenda kuchukua jembe. "Usimwambie mama," akamwambia bwana shamba. Yeye akasema, "Dada, lazima ajue, ama mwakani watarudi." Kadzo akamjibu, "La kufanya atalijua. La kumwaibisha halina kazi." Akaanza kuchimba, kina cha mkono mzima, na sisi wawili tukamsaidia kubeba. Mamangu aliporudi, Kadzo akamwambia bwana shamba amesema neema isiachwe juu ikachakurwa na kuku. Izikwe ndani sana, siku ileile inapoanguka. Mamangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndivyo hasa," akasema. "Mbona hakusema mapema?"

Mamangu akayazika maembe mabovu tangu siku hiyo, na bismillahi juu yake, na maboga machanga Kadzo akayavalisha vipande vya leso kuukuu ili nzi wasiyafikie. Msimu uliofuata maembe ya Bi Mwanaesha yalivuka kivuko tena. Bendera mpya ilipopandishwa Kadzo alikuwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza, na pale barazani wazee walikuwa bado wanabishana nani mgeni, ila mamangu alikuwa ameacha kuwajibu.

Basi pale arusini Kisauni, tulipokwisha kucheka na sinia mpya ikaletwa, nilimwambia wifi yangu, "Mama wa watu alikwenda bila kujua." Nilisema hivyo kwa shukrani. Kadzo akachukua kipande cha embe, akakitazama, akakila.

"Nani kakwambia hakujua?" akasema.

Akanieleza. Ilikuwa mwaka wa mwisho wa mamangu, mimi nilikuwa nimeolewa mbali, na Kadzo ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha kwenye kile kitanda cha mvule. Dirisha lilikuwa wazi, watoto wanaokota maembe uani na kuyatia shimoni. Mamangu aliwatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kadzo, wale nzi. Kabla ya chupa, ni mimi niliyekuwa nikiwalea. Sivyo?"

"Yaa Rabbi," nikasema. "Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikamwambia, 'Mama, fungua mdomo, boga litapoa.'"

"Naye?"

"Akafungua."